Supu Nyuma ya Turubai

Wenzangu wa jikoni, mmenisumbua tangu siku ile mliponiaga kwa keki ambayo, kwa taarifa yenu, haikuiva katikati. "Mzee Manyama, tuandikie ulivyofanya kazi miaka yote hiyo." Haya, naandika. Vyeo siandiki, maana mpishi ana cheo kimoja tu, nacho ni kuulizwa kama chakula kiko tayari au bado. Mshahara nao siandiki, tusije tukaharibiana siku. Nitaandika juu ya supu ya mboga ya wakati wa baridi, kwa sababu ndicho chakula ambacho kila mmoja wenu anadhani anakijua.

Nilianza kazi Musoma mwaka mmoja kabla ya Uhuru, katika nyumba moja ya wageni wa serikali upande wa ziwani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mtaa wa Iringo. Nilitoka kwetu, porini kati ya Bunda na Butiama, nikiwa na shati moja na panga, nimesikia wanatafuta mtu wa kufyeka majani. Nilipofika nikaambiwa mfyekaji amepatikana jana. "Ila jikoni wanataka mtu wa kuosha masufuria," akasema karani. Nilikuwa nimetembea siku nzima, viatu sina, njaa ninayo. Nikasema masufuria nayaweza.

Hapo lazima niwaeleze jambo, maana ninyi vijana mmezaliwa wakati wanaume wanapika na kujipiga picha. Kwetu, siku zile, mwanamume aliyetahiriwa hakai mafigani. Mafiga ni ya mama na dada zako. Moto ukizimika, mwanamume ataita mke, asipokuwepo ataita mtoto wa jirani, asipopatikana atalala na njaa. Kuinama mwenyewe na kuupuliza? Thubutu! Baba yangu, Mzee Magesa, alikuwa na ng'ombe, shamba la pamba, na sauti ambayo watu wa rika lake waliisubiri kabla ya kukata shauri lolote. Sasa mwanawe wa kwanza anaosha masufuria.

Nilipokwenda likizo ya Krismasi, baba aliniuliza mbele ya wazee wenzake, kwa neno letu la kumwita kijana, "Eeh, mura. Huko Musoma umepata kazi gani?"

Nikajibu, "Niko ofisi ya serikali, Baba. Upande wa stoo."

Haukuwa uongo mtupu. Stoo ya vitunguu ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Lakini baba alitabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitabasamu, akawageukia wenzake: "Mmesikia? Ofisi." Kuanzia hapo, kila likizo aliniuliza, "Ofisi inaendeleaje?" na mimi nikajibu, "Inaendelea, Baba." Miaka kumi na zaidi tuliendesha ofisi ile mimi na yeye. Mama, nadhani, hakuiamini hata kidogo, kwa sababu alinitazama mikono na hakuuliza kitu.

Mpishi mkuu wa pale alikuwa Mzee Bwire, mtu wa Mugango, mfupi, mikono imeungua mpaka haina vinyweleo. Kwao wote ni wavuvi. Nilimuuliza kwa nini yeye hakuvua. "Mimi maji nayapendaga yakiwa kwenye sufuria," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilikuwa na miezi michache kazini aliponiachia jiko kwa mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi ya mvua, upepo unatoka ziwani unapiga madirisha, na mgeni mmoja mkubwa ameagiza supu ya mboga. Nikakata karoti, viazi, kabichi, nyanya, vitunguu, vyote nikavitupa kwenye maji kwa mkupuo mmoja, nikatia chumvi, nikachochea moto. Nikajiona fundi. Bakuli likarudi limejaa, na ujumbe: mgeni anauliza kama haya ndiyo maji yaliyooshewa mboga.

Nilikasirika sana. Mzee Bwire akachukua kijiko, akaonja, akafikiri.

"Mgeni amekosea," akasema. "Maji ya kuoshea mboga yana ladha kidogo."

Siku ileile akanifundisha, na nitawaandikia alivyonifundisha, maana sijaona njia iliyo bora. Maharage yalowekwe tangu jana. Yachemke bila chumvi. Ukitia chumvi mapema yanagoma kuiva, na utayalaumu bure. Vitunguu vikaangwe peke yake kwa mafuta ya pamba, polepole, mpaka viwe na rangi ya udongo. Hapa ndipo wengi wenu mnaharibu, mnataka viive wakati mnapiga soga. Kisha nyanya, mpaka mafuta yajitenge. Ndipo umwagie maharage na maji yake, ufuatishe karoti na viazi, halafu boga, halafu kabichi mwishoni kabisa. Mgagani uchemshwe pembeni, maji ya kwanza yamwagwe, lakini uchungu kidogo ubaki, ili mtu ajue anakula mboga ya kwao. Na cha kumalizia ni unga wa mtama uliokaangwa mkavu mpaka unukie, ukorogwe kwa maji ya baridi, uingie sufuriani kama uzi. Chumvi hapo ndipo inapokuja.

"Supu ya kiangazi inanywewa," alisema Mzee Bwire. "Ya baridi inaliwa. Dondosha tone kwenye sahani. Likikimbia, rudisha sufuria motoni."

Mwiko wetu mkubwa, ule mliouona umening'inia ukutani mkadhani ni pambo, ulikuwa kasia. Mzee Bwire aliuokota kwao Mugango umevunjika upande, akaukata, akauchonga na kuusugua kwa majivu. Mwezi mzima wa kwanza chai ya wageni ilinukia sato. Hakuna aliyelalamika. Nadhani waliamini chai ya Musoma ndivyo ilivyo.

Baada ya Uhuru nikahamishiwa jiko la shule moja ya bweni palepale mjini, na ule mwiko Mzee Bwire akanipa niondoke nao. Kutoka wageni sita mpaka wanafunzi mia nne, jamani. Wiki ya kwanza niliota naikimbia sufuria nayo inanifuata. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, tulipika supu ile asubuhi badala ya uji, na ndipo vijana wawili walipopigana hadi meno yakatoka. Sababu? Mmoja kapata maharage, mwenzake kapata maji. Mwalimu mkuu akaniita. Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe aliniuliza swali moja tu: "Upawa wako unauanzia wapi?" Nikamwambia juu. "Basi anzia chini," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Tangu siku ile nachota kutoka chini, nazungusha, napandisha. Mkinikumbuka kwa lolote, nikumbukeni kwa hilo.

Ukaja Ujamaa. Sote tukawa ndugu. Mimi niliyekuwa naitwa "wewe wa jikoni" nikawa Ndugu Mpishi. Moshi ulikuwa uleule, lakini sikatai, jina lile lilinipendeza. Halafu ukaja wakati wa vijiji vipya, watu waliokuwa wanaishi mbalimbali, kila mmoja na mji wake, yaani boma lake, na ng'ombe wake, wakaambiwa wahamie pamoja. Sitaki kuingia kwenye siasa yake. Kuna walioshukuru na kuna waliolia, na wengine walifanya yote mawili. Ninachojua mimi ni kwamba mahali nilipopelekwa malori yalitangulia nyumba. Watu walishushwa penye viwanja vilivyopimwa, mvua ikawahi kunyesha, na nyumba ilikuwa ni miti minne na majani juu.

Niliitwa nikaambiwa: chukua masufuria mawili makubwa, magunia ya maharage, viazi, mboga za bustani ya shule, nenda ukawapikie mpaka wapate kujenga. Nikauliza ni kijiji gani. Nilipotajiwa, nikaomba anitajie tena. Kilikuwa palepale kwetu, kati ya Bunda na Butiama. Kitongoji cha baba kilikuwa kwenye orodha ya kwanza.

"Ndugu," nikamwambia yule ofisa, "hakuna kijiji kingine?"

"Vipo. Huko ndiko kwenye mvua."

"Basi apelekwe mwenzangu."

"Mwenzako anajua kupika wali tu. Panda lori, ndugu."

Nikapanda. Njia nzima nilikaa juu ya magunia nikitafuta namna ya kupika bila kuonekana. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nina mke na watoto Musoma, lakini nilikuwa naogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Si kwa ajili yangu. Mimi aibu ya jikoni nilishaizoea, imekuwa kama harufu ya nguo zangu. Niliogopa kwa ajili ya baba. Miaka yote ile amesema ofisi, ofisi. Sasa rika lake lote, tena pamoja na watu wa vitongoji vya mbali asiowajua, wanione mimi nimeinama mafigani? Mzee angejificha wapi?

Nilifika siku moja kabla ya watu. Nikapanga mafiga, na kwa kuwa nilikuwa na turubai la lori, nikalizungushia jiko pande zote nne. Nikajiambia ni kwa ajili ya upepo. Nikapatana na katibu wa kijiji, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mbali, mwenye maneno mazuri: mimi nitapika ndani, yeye atagawa nje. Akakubali haraka, alipenda kugawa.

Watu wakashushwa siku iliyofuata mchana, mvua inawapiga, kuku wamefungwa miguu, wazee wamekaa juu ya vitanda vilivyopinduliwa. Nikachungulia kwenye tundu la turubai. Nikamwona baba ameshika fimbo, koti lake limelowa mpaka limekuwa zito, anawaelekeza watu wa kwetu pa kuweka mizigo kana kwamba yeye ndiye aliyepanga safari. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Asubuhi yake supu ilikuwa tayari. Naweza kuwaambia bila majivuno, au kwa majivuno kidogo, kwamba haikuwa na kasoro. Nzito, ina rangi, mvuke wake unapita juu ya turubai. Baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye mifupa. Watu wamelala kwenye majani yaliyolowa. Nikasubiri waje mbio.

Hakuja mtu.

Katibu akatoa hotuba. Akasema juu ya umoja, juu ya kujitegemea, juu ya vitamini. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaangalia sufuria, wakaangalia turubai. Mwishowe mwanamke mmoja akasogea, niliyekuja kumjua baadaye kwa jina la Mama Wegesa, wa kitongoji cha upande wa pili wa mto. Alikuwa amembeba mtoto wa kike ndani ya kanga iliyolowa, mtoto anatetemeka mpaka kanga inatikisika.

"Amepika nani?" akauliza.

"Mpishi wa serikali," akajibu katibu.

"Huyo serikali ana mama? Ana ukoo?"

Watu wakaguna kukubali.

"Na mbona anapikaga amejificha?" akaendelea. "Chakula kizuri kinafichwa kwa nini?"

Pale nyuma ya turubai nilihisi kama nimemwagiwa maji. Mimi, niliyezaliwa kule, niliyekula kwenye miji ya watu kule, nilikuwa nimesahau. Kwetu hupewi chakula na mkono usioujua. Anayekupa anaonja kwanza mbele yako, na hata akionja, unataka kujua ni mwana wa nani. Na hawa walikuwa watu waliorundikwa pamoja kwa siku moja, ukoo huu karibu na ukoo ule, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwamba atamtilia kitu. Mimi ndipo nikawafungia jiko kwa turubai! Hata mchawi mwenyewe asingefanya kijinga hivyo.

Katibu, maskini, akachota bakuli akala lote mbele yao.

"Wewe umekuja nayo," akasema mzee mmoja. "Utakuwa unaijua dawa yake."

Mchana ule nilimwaga sufuria mbili za supu. Ninyi mnaonijua mnajua ninavyoona uchungu kutupa hata maganda ya viazi. Nilimwaga nikiwa nimefumba macho.

Ningetoka siku ileile, mtasema. Najua. Nilipanga kutoka. Lakini nikasikia sauti ya baba upande wa pili wa turubai, karibu kabisa, anamwambia Mzee Mugeta, rika lake: "Tusile chochote mpaka mwanangu aje. Yule wa ofisini. Atatuambia ukweli wa mambo haya." Sikutoka.

Siku ya pili nikapika tena. Mvua haijakata. Watu walikuwa wanakula mihogo mibichi waliyokuja nayo, kuni zote zimelowa, hakuna mji uliokuwa na moto isipokuwa mimi. Katibu hakutoa hotuba. Alisimama tu na upawa mkononi. Nikachungulia. Mama Wegesa alikuwa amekaa kwenye jiwe kama hatua kumi kutoka kwenye jiko, nadhani alikuwa anaota joto la mbali, na mtoto wake alikuwa hatetemeki tena. Amelegea. Macho yako wazi, mdomo umekuwa wa bluu, mkono umening'inia nje ya kanga na mama hana habari. Aliyepika supu inayoweza kumpasha moto yule mtoto yuko ndani anailinda ofisi isiyokuwepo.

Nikakata kamba. Turubai likaanguka kwenye matope, maji yaliyotuama juu yake yakanimwagikia kichwani, na nikabaki nimesimama mbele ya kijiji kizima nimevaa aproni, na lile kasia mkononi.

"Ni mimi nimepika," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikarudia. "Mimi Manyama. Mwana wa Magesa. Mama yangu ni Nyangeta. Nimepika mimi, jana na leo. Mpeni huyo mtoto."

Nikachota, nikala mbele yao, nikaunguza ulimi.

Mzee Mugeta akaangua kicheko, na mpaka leo nakisikia.

"Magesa! Magesa we! Kumbe ofisi yenyewe ndiyo hii?"

Wengine wa rika wakacheka. Wale wa vitongoji vya mbali hawakujua kinachochekwa, wakawatazama wazee, wakamtazama baba. Baba hakucheka. Alinitazama kuanzia kwenye aproni akapanda mpaka usoni, akarudi tena mpaka kwenye aproni. Mama alikuwa nyuma yake, ameweka mkono mdomoni. Kisha baba akageuka, akaondoka kuelekea kwenye kibanda chake.

Nilijua nimempoteza. Nawaambia kweli, nilitamani ardhi inimeze. Nilimgeukia Mama Wegesa nikamwambia, "Dada, mpe hata mchuzi tu," naye akatikisa kichwa, akamkumbatia mtoto. Kama baba mzazi amekipa kisogo chakula cha mwanawe, yeye mgeni akile kwa nini? Nilikuwa nimezidi kuharibu.

Ndipo nikaona watu wanapisha. Baba alikuwa anarudi, fimbo mkono huu, na mkono ule bakuli lake la mbao, lile alilokuwa hashirikiani na mtu. Akaja mpaka mbele ya mafiga. Mwanamume wa rika lake, mbele ya rika lake, kwenye mafiga.

"Tia," akasema.

"Baba, mimi nilikuwa nataka..."

"Nimesema tia."

Nikachota kutoka chini. Nikamwagia kidogo mguuni, hakuusogeza. Akala akiwa amesimama, moto vile vile, hapulizi, kabichi na maboga na mgagani, mpaka bakuli likabaki tupu. Akajifuta mdomo. Akawageukia watu, na ile sauti yake ikatoka.

"Huyu nimemzaa mimi. Kama kuna kitu humu ndani, nimeshakila mimi kwanza. Mniangalie."

Akakaa chini, pale pale kwenye jiwe la pembeni ya moto, fimbo kati ya magoti, ili waone kama atakufa. Tukamwangalia wote. Mzee Mugeta aliacha kucheka. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za yule mtoto. Baba akawa mwenye haraka kuliko sote. "Wewe mama," akamwambia Mama Wegesa, "utasubiri mpaka nizeeke? Leta huyo mtoto hapa kwenye moto."

Akamleta. Mama yangu akampokea, akamvua nguo zilizolowa, akamfunga kwenye kitenge chake mwenyewe, na Mama Wegesa akamlisha mchuzi kwa kidole, tone moja moja. Wakati mtoto alipolia, na alilia kwa hasira hasa, watu walikuwa wameshapanga foleni mpaka barabarani.

Kuanzia siku ile hakuna aliyekula kabla baba hajala. Hawakuambizana, ilikuwa hivyo tu. Kila asubuhi, mvua au upepo, watu wanakaa na mabakuli yao mpaka Mzee Magesa atoke kibandani na blanketi begani, aje mpaka mafigani, ale la kwanza amesimama, akae kwenye jiwe. Rika lake walimpa jina, Mzee wa Ofisi, na watoto wakalidaka. Alipita katikati ya jina hilo kila siku kuja kwenye jiko langu. Alisema "tia," nami nikatia, na baada ya hapo alikuwa ni mtu wa kuangalia moto.

Mnajua mpishi alivyo. Kichwa kilinivimba. Nikajisemea, mzee nimemweza. Mtu aliyekuwa hali bila nyama au maziwa, sasa anawahi supu ya mboga kuliko watoto! Nikaanza kumpikia yeye kimoyomoyo. Nikatwanga karanga nikatia. Nikasaga mbegu za maboga. Nilitafuta pilipili mpaka Kabasa kwa miguu. Kila alipomaliza bakuli nililitazama, halijawahi kubaki hata jani, nikawa naona raha ambayo hakuna mgeni mkubwa wala mwalimu mkuu aliyewahi kunipa.

Wiki zikapita, mvua zikakatika, nyumba za kwanza zikaezekwa, kila mji ukawa na moto wake. Watu wakaanza kupeana chumvi na makaa, hata Mama Wegesa na majirani zake wapya. Likaja agizo nirudi Musoma. Lori likaja, vijana wakanisaidia kupakia masufuria, mimi nikapanda nyuma na lile kasia.

Baba alikuja kuniaga. Alisimama chini kando ya gurudumu, akashika ubao wa lori, akaangalia huku na huku kama kuna mtu karibu. Hakukuwa na mtu.

"Mura," akasema polepole, "yale majani yako."

"Naam, Baba."

"Sikuyapenda hata siku moja."

Dereva akawasha. Nilimwona anarudi kijijini kwa mwendo wake wa siku zote, fimbo inatangulia, nami nikaweka uso kwenye sufuria tupu nikalia mpaka Musoma.